Sampla ni Form, Lakini Sauti Zako Zitatoka Aje Huko Ndani?

Kuna stori mbili zinatembea mtaani na hakuna mtu anaziunganisha. Ya kwanza ni ya vidude vya pedi. Fungua TikTok usiku wowote utapata msee ameweka kaboksi kwa goti, anagonga vitufe kumi na sita vyenye taa, na biti nzito inatoka hapo hapo bila laptopu yoyote kwa picha. Maswali chini ya video ni yaleyale: hiyo ni nini, inauzwa wapi, ni pesa ngapi.

Ya pili ni ya Microsoft. Oktoba 14, 2025 walisitisha kuihudumia Windows 10. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja ya kinga za usalama kwa wenye watajiandikisha, hadi Oktoba 2026, halafu basi. Na Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Sasa enda tao uangalie hizo ex-UK zenye maprodyuza wengi wanaanza nazo. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ni kizazi cha sita. Iko fiti, inabeba FL Studio bila kulia, lakini kwa vitabu vya Microsoft imeshastaafu.

Hizi stori mbili zinakutana pahali pamoja tu: pale kebo inatoka kwa sampla inaingia kwa kompyuta. Na hapo ndipo wasee wengi wanaliwa fare. Unanunua mashine juu ya venye inaonekana na venye inasikika, halafu unafika keja unagundua haujajiuliza swali moja la maana. Sauti inaingia aje, na inatoka aje?

Si swali la mafundi peke yao. Roland SP-404MKII ilipotoka 2021 ilikuwa inauzwa kama dola 500 Marekani. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni kama 64,500, na bado haujalipa usafiri wala VAT ya asilimia 16 ikifika hapa. Hiyo ni rent ya miezi kadhaa kwa msee wa Roysambu. Kama biti zako zitaingia huko ndani na zisitoke vizuri, umenunua saa ya ukuta yenye haina mishale.

Kwanza, kwa nini watu wanarudi kwa maboksi?

Kwa wenye hawana rada, sampla ni mashine inarekodi kipande cha sauti, inakiweka kwa pedi, halafu unakikata, unakigeuza, unakigonga upya hadi kinakuwa kitu kingine. Na kama kuna mziki wa hapa unaishi kwa huo mtindo, ni Arbantone. Kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya vipande vya ngoma za zamani, riddim za dancehall na hiti za genge za miaka ya 2000, zenye zimekatwakatwa na kupewa ngoma mpya. Kazi hiyo wengi wanaifanya ndani ya laptopu na panya. Ni sawa, haina ubaya.

Lakini boksi lina utamu wake. SP-404MKII inakula betri sita za AA, kwa hivyo stima ikipotea Kayole wewe bado unagonga. Haina WhatsApp ya kukukatiza. Na kuna kitu vidole vinafanya kwa pedi chenye panya haiwezi, yaani ule uchelewaji kidogo wa kick wenye unafanya kichwa kitingike. Ukiuliza mimi, hiyo sababu ya mwisho ndio ya ukweli, hizo zingine ni za kumwelezea mathee kwa nini umetumia pesa.

Shida ni kwamba boksi peke yake halimalizi wimbo. Msanii atataka kuweka vokali, fundi wa mixing atataka kila chombo kivyake, na ngoma lazima iwe faili ndio iende kwa mitandao ya kuuza mziki. Hiyo yote ni kazi ya kompyuta. Kwa hivyo huo mlango kati ya mashine mbili si nyongeza. Ndio biashara yenyewe.

Wazee waliteseka kwa huu mlango

Ndio uelewe kwa nini mlango ni siasa, cheki venye ulikuwa. E-mu SP-1200 ya 1987, mashine yenye ilijenga hip hop ya New York, ilikuwa na nafasi ya sekunde kumi hivi za sauti. Kumi, zote pamoja. Maprodyuza walikuwa wanaicheza sahani ya santuri kwa mwendo wa haraka, wanarekodi ikiwa inakimbia, halafu wanaishusha ndani ya mashine ili wabane nafasi. Ile sauti ya kukwaruza yenye sai watu wanalipia programu kuiiga ilizaliwa na umaskini wa memori.

Kuhifadhi kulikuwa kwa diski laini. Diski moja ya megabaiti 1.44 inabeba kama sekunde 16 za sauti mono ya ubora wa CD, ama nane ukitaka stereo. Ukitaka kupeleka sauti kwa kompyuta bila diski, kulikuwa na njia ya MIDI, ile kebo ya kibodi ya tangu 1983. MIDI iliundwa kubeba habari za noti, yaani nimegonga hii, nimeachilia hii. Si sauti. Lakini wakatafuta mbinu ya kupitisha sauti humo humo polepole.

Piga hesabu na mimi, na usiogope, niliacha chuo kabla ya hesabu kuwa ngumu. MIDI inapitisha biti za data 31,250 kwa sekunde, na kila baiti inakula kumi, kwa hivyo ni baiti 3,125. Kifurushi kimoja cha kutuma sampuli kina baiti 127 na kinabeba pointi 40 tu za sauti ya biti 16. Ukigawanya unapata chini ya pointi elfu moja kwa sekunde. Sauti ya CD ina pointi 44,100 kila sekunde. Maana yake, kutuma sekunde moja ya sauti mono kulichukua kama sekunde 45. Kipande cha dakika tatu, zaidi ya saa mbili. Unaanza kutuma, unaenda Gikomba, unarudi, bado.

Baadaye kukaja SCSI, kebo nene kama mkono wa mtoto, kisha USB. Akai MPC1000 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa unachomeka na kompyuta inaiona kama flash diski. Raha. Lakini usifikiri mambo yalinyooka moja kwa moja. Mwaka wa 2014 Korg walitoa Volca Sample, kaboksi ka bei ya chini kenye hakakuwa na USB kabisa. Sauti ilikuwa inaingia aje? Simu ilikuwa inacheza mlio wa kukwaruza kama faksi ya ofisi ya chifu kupitia tundu la earphone, boksi inausikiliza na kuutafsiri kuwa sampuli. Ikipata ujumbe wa simu katikati, umeanza upya. Toleo la pili la 2020 ndilo liliwekewa USB.

Nakuambia hizi stori juu ya jambo moja. Katika kila kizazi, mwenye aliamua kama sauti yako inatoka hakuwa wewe. Alikuwa kampuni iliyotengeneza mlango.

Mlango wa sasa una kufuli ya drayva

Sai USB iko kwa karibu kila kitu, na ungefikiri vita vimeisha. Havijaisha, vimehamia ndani. Kuna mashine zinafuata kanuni ya pamoja ya sauti ya USB. Hizo unachomeka kwa Mac, Linux, hata simu, na zinajulikana zenyewe. Windows nayo iliongezewa uwezo wa kusoma kanuni ya pili ya sauti ya USB mwaka wa 2017, ndani ya Windows 10. Halafu kuna mashine zinataka drayva, yaani kaprogramu ka kampuni kenye kanatafsiri kati ya kifaa na kompyuta. Bila hako, kompyuta inaangalia sampla yako kama mgeni hajaalikwa.

Drayva si kitu kibaya. Mara nyingi ndio inapunguza kuchelewa kwa sauti, hasa kwa Windows yenye programu za mziki zinapenda kuongea kwa njia ya ASIO. Ubaya ni kwamba drayva ina umri. Kampuni inaiandika kwa Windows ya wakati huo, inaihudumia miaka kadhaa, kisha inasonga. Mac pia hawako salama. Mwaka wa 2019 Apple walitoa macOS Catalina yenye ilikataa programu zote za biti 32, na asubuhi yake vifaa vizima vilikosa programu za kuvisimamia. Kifaa hakikuharibika. Kilikosa tu mtu wa kuongea naye.

Hapo ndipo EliteBook yako inaingia kwa hii hadithi. Windows 10 haitazimika kesho, usisumbuliwe na wenye wanataka kukuuzia mashine mpya. Biti zitaendelea. Lakini kila mwaka unaopita, drayva mpya zitaandikwa kwa Windows 11 kwenda mbele, na wewe utabaki na ile ya zamani. Kwa hivyo leo, si kesho, pakua drayva ya kila kifaa unacho, na uweke faili yake ya kuinstoli kwa flash diski ukiwa na jina na tarehe. Kuna wasee wameamua laptopu ya studio haiguzi tena intaneti, inafanya mziki tu. Kwangu hiyo ni akili kuliko kununua laptopu ya mkopo juu Microsoft wamekohoa.

Sasa tuchomeke

Tuchukue SP-404MKII juu ndio wengi wanadai. Njia za kubadilishana sauti na kompyuta ni tatu, na si lazima uchague moja.

Rahisi kabisa ni faili. Kuna programu ya Roland ya kompyuta yenye unaburuta sauti unaidondosha kwa pedi, na pia unaweza kutoa kazi yako kupitia humo. Bila hiyo, kuna kadi ya SD. Mashine yenyewe ina gigabaiti 16 ndani, kwa hivyo nafasi si shida ya kwanza. Shida ya kwanza ni aina ya faili. Watu wa Nairobi wanakusanya sauti kwa simu: makanga wa Rongai akiita abiria, shosh akicheka, mhubiri wa basi. Ile voice note ya WhatsApp ni faili ya Opus, na usitarajie sampla iisome. Ile ya iPhone mara nyingi ni m4a. Zipitishe kwa Audacity, ni ya bure, uzitoe kama WAV ndio uwe na amani.

Ukiwa hapo kuna namba utaulizwa: 44.1 ama 48. Ni maelfu ya pointi za sauti kwa sekunde. SP-404MKII inafanya kazi kwa 48, CD ni 44.1. Programu nzuri inabadilisha yenyewe na hutasikia kitu. Lakini kifaa kikisoma faili ya 44.1 kama ni ya 48 bila kubadilisha, wimbo unakimbia kwa karibu asilimia 9 na unapanda karibu semitone moja na nusu. Biti ya 100 inakuwa 109. Vokali za msanii wako zinakuwa za panya. Ukisikia kitu kama hicho, usianze kulaumu mashine, angalia hiyo namba pande zote mbili. Weka mradi wako kwa 48 tangu mwanzo na hiyo stori inaisha.

Njia ya pili ni USB yenye inabeba sauti moja kwa moja, sampla ikifanya kazi kama kadi ya sauti ya kompyuta. Hapa kosa namba moja la Kanairo ni kebo. Ile ya kuchajia simu ya soo moja kutoka kwa msee wa stage inaweza kuwa haina nyaya za data kabisa, inapitisha moto tu. Sampla itawaka, taa zitacheka na wewe, na kompyuta haitaona kitu. Kabla hujapiga simu kwa fundi, jaribu kuhamisha picha kutoka kwa simu na hiyo kebo. Picha zikikataa, umepata mchawi. Na kama laptopu yako ni ya zamani na tundu lake la USB halitoi nguvu ya kutosha, weka adapta ama betri.

Kwa Mac unachomeka tu. Kwa Windows unaweka drayva ya Roland kwanza, unawasha kompyuta upya, ndio unachomeka. Kisha fungua FL Studio, enda kwa mipangilio ya sauti, chagua kifaa cha ASIO cha sampla. Mara moja spika za laptopu zitanyamaza. Usipanic. Kwa ASIO programu inashika kifaa kimoja kwa kuingia na kutoka, kwa hivyo sai sauti zote zinapita kwa sampla. Vaa earphone kwa sampla ama unganisha spika zako hapo nyuma. Nimeona watu wakifuta drayva nzuri juu ya hii kitu.

Kisha kwa mixer ya FL chagua chaneli moja, uipe mlango wa sampla kama chanzo, uwashe kurekodi, na ugonge pedi. Mshale usifike kwa nyekundu. Acha kilele kikae karibu na desibeli -6, utakuwa na nafasi ya kupandisha baadaye, lakini sauti iliyokatika kichwa hairudi. Kama unataka kinyume, yaani sauti ya kompyuta iingie kwa sampla uikate, ingia kwa menyu ya sampla uhakikishe njia ya USB iko wazi, cheza wimbo, rekodi kwa pedi. Lakini jihadhari. Sampla ikituma sauti kwa kompyuta na kompyuta ikiirudisha kwa sampla na sampla ikiirudisha tena, utapata mlio wa kupasua masikio. Fanya safari ya upande mmoja kwa wakati mmoja. Volyumu chini kabla ya kujaribu, hasa kama keja yako na ya jirani zinashiriki ukuta wa mabati.

Ukigonga pedi na ukasikia sauti imechelewa, hiyo ni bufa, kiasi cha sauti kompyuta inakusanya kabla ya kuicheza. Bufa ya 256 kwa 48 ni milisekunde tano na kitu, vidole havitajua. Ya 1,024 ni milisekunde 21, na hapo unaanza kuhisi kama unacheza na maji. Ishushe unaporekodi, ipandishe unapomix ili laptopu isipumue kama matatu ya Ngong Road kwa mlima.

Njia ya tatu ndio ya babu zetu na bado inafanya: nyaya za sauti. Nakwambia hivi juu wengi wenu hamtanunua MKII, mtanunua SP-404SX ya mtu, ile ya 2009. Hiyo haina USB hata kidogo. Ina kadi ya SD, na ina matundu ya RCA. Usidanganywe uchukue waya wa RCA uuchomeke kwa tundu la laptopu. Lile tundu moja la laptopu za sasa ni la headset: upande wa kuingia ni wa maiki, mono, na umetengenezewa sauti ndogo sana. Utapata kelele iliyobanwa. Unahitaji kadi ya sauti ya nje yenye mlango wa line, kushoto na kulia. Iongeze kwa bajeti kabla ya kusema SX ni bei ya kutupa.

Na ukisikia mngurumo wa stima chini ya biti, chomoa chaja ya laptopu kwanza. Ukipotea, shida iko kwa njia ya earthing kati ya vifaa viwili, si kwa sampla. Chomeka vyote kwa extension moja ama rekodi ukiwa kwa betri. Rekodi nyingi zimeokolewa na betri za AA.

Sasa pesa iko wapi?

Pesa iko kwa vipande. Tuseme msanii amependa biti yako, na mwenye kumixia anataka kick kivyake, bezi kivyake, sampuli kivyake. Ukiwa umerekodi stereo moja tu, kushoto na kulia, kila kitu kimeshachanganyika na huwezi kukitoa, kama sukari kwa chai. Elektron Digitakt ya 2017 ina programu yake ya Overbridge yenye inatuma trakti zote nane kwa kompyuta kila moja kwa njia yake, kwa wakati mmoja. Hiyo ndio sehemu ya bei yake. Kwa mashine zenye zinatoa stereo peke yake, unafanya kwa mkono: nyamazisha zote, acha kick, rekodi kutoka mwanzo hadi mwisho, rudia kwa inayofuata. Biti yenye vitu nane ni kurekodi mara nane. Inachosha, lakini fanya siku hiyo hiyo biti ingali moto, juu miezi mitatu baadaye hutakumbuka ni mradi gani na umezima efekti gani.

Teenage Engineering EP-133 ndio mfano mwingine wenye unachanganya watu. Ilitoka 2023 kwa dola 299, inapendeza kama kalkuleta ya muuza duka, na kuingiza sampuli ni kwa ukurasa wa kivinjari kama Chrome, bila kuinstoli kitu. Poa kabisa. Lakini memori ilikuwa megabaiti 64, na ilipotoka USB yake haikuwa inabeba sauti ya kurekodi. Faili zinapita, MIDI inapita, biti yenyewe ikicheza lazima itoke kwa waya wa earphone. Hiyo si siri, iko kwa maelezo yake. Ni vile neno USB kwa boksi linafanya watu waamini kila kitu kimesuluhishwa.

Kuna pia upande wa haki, na hapa nitapita haraka juu unastahili makala yake. Mtu akiiba biti yako, miradi na vipande vyenye tarehe kwa kompyuta vinakusaidia kuonyesha ulianza wewe, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, inasajili kazi. Huwezi kusajili taa za pedi. Na upande wa pili, kama umekata wimbo wa mtu mwingine, kuutoa kwa ubora wa juu hakukupi ruhusa yake.

Kwa wenye wananunua za mkono wa pili, ambayo ni sisi wengi: usikubali kukutana kwa parking ukaonyeshwa taa zinawaka. Beba laptopu yako, ile ile yenye utatumia, na kebo yenye umeshajaribu na simu. Kama ni mashine ya kadi, mwambie aweke kadi, pakia faili moja ya WAV yako, ichezwe kwa pedi. Kisha rekodi sekunde kumi kutoka kwa sampla kwenda kwa laptopu, kushoto na kulia, uzisikilize na earphone hapo hapo. Gusa kila tundu polepole usikie kama linakatakata. Muulize drayva alikuwa anatumia gani na kama bado ana ile faili. Mwenye alikuwa anaitumia kweli atakuonyesha kwa dakika tano na pengine akupee sampuli zake kama zawadi. Mwenye anakuambia tu "hiyo inafanya, niamini mtu wangu" wacha abaki nayo, kuna ingine itatokea mwisho wa mwezi watu wakisaka rent.